Mtoto Aliyegeuka Kutazama Pembeni

Mpira umemfikia winga wa kulia, mtoto wa miaka 10. Mbele yake pana uwazi wa hatua kama nane, beki bado yuko mbali. Kutoka benchi kocha anapaza sauti: "Toa pasi!" Kutoka upande wa pili wa uwanja baba yake anaita: "Piga! Piga!" Mama yake, hatua chache kutoka hapo: "Kimbia nao, mwanangu!"

Mtoto anaukanyaga mpira. Anageuza shingo kuwatazama wazazi, kisha kocha. Beki anafika, anauchukua, anakwenda zake.

Hapo watu wazima watatu, ambao sekunde mbili nyuma hawakukubaliana kwa lolote, wanasema kwa pamoja: "Aaah!"

Picha hii imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Si ya ajabu. Huonekana kila wikiendi, kwenye soka, mpira wa kikapu, netiboli, hata kando ya bwawa la kuogelea, na kila mara lawama humwangukia aliye mdogo kuliko wote. Wote watatu walimtakia mema. Ila hakuna aliyejua wenzake wanamwambia mtoto nini.

Hawakuwahi kukaa pamoja.

## Saa nne kati ya 168

Timu ya watoto inayofanya mazoezi mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila mara, na kucheza mechi moja, humpa kocha saa nne hivi na mtoto. Wiki ina saa 168. Zilizobaki mtoto yuko shuleni, amelala, au yuko na watu wa kwao.

Shauri ambalo makocha hupeana mara nyingi ni fupi: wazazi wakae mbali. Naelewa linakotoka. Kocha anayejitolea, aliyechoka, mwenye watoto 14 na mipira sita, hana nguvu ya kubishana na mtu kuhusu nani apige penalti. Lakini hesabu ya saa inalikataa shauri hilo. Mzazi unaweza kumzuia asivuke mstari wa uwanja. Huwezi kumzuia asizungumze na mwanawe wakati wa chakula cha jioni. Ulichokikataza pembeni kinahamia mezani, na mezani wewe haupo.

Halafu kuna hili, ambalo nililiona baada ya kuirudia ile picha mara nyingi. Kocha alimwona mtoto Jumanne akijifunza kutuliza mpira kwa mguu wa kushoto. Akamwona Alhamisi akijaribu mara kumi, akikosa nane. Jumamosi anamwona akithubutu tena katikati ya mechi, anakosa, na kocha moyoni anafurahi. Mzazi hakuwepo Jumanne wala Alhamisi. Yeye Jumamosi ameona mwanawe akipoteza mpira.

Alichonacho mkononi ni vitu viwili: matokeo, na dakika ambazo mwanawe amekaa benchi. Akija kulalamika atalalamikia hivyo viwili. Angelalamikia nini kingine?

Kelele nyingi za pembeni ni pengo la habari. Kocha asipolijaza yeye, ubao wa matokeo utalijaza.

## Kikao cha kwanza

Kikao cha kocha na wazazi kifanyike kabla ya mechi ya kwanza. Si baada ya kipigo cha kwanza, si mara baada ya mzazi wa kwanza kupandisha sauti. Kikao kilichoitishwa baada ya ugomvi ni kesi, na kila anayeingia anakuja na utetezi wake. Dakika 40 zinatosha. Watoto wawe kando wakicheza na kocha msaidizi ili wazazi wasikimbilie kuondoka.

Anza kwa kuuliza. Makocha wengi hufungua kwa kusoma orodha ya makatazo, na kufikia katazo la tano wazazi wameshajikunja kama wanafunzi waliochelewa. Badala yake, gawa vipande vya karatasi na swali moja: *Msimu ukiisha, ungependa mwanao awe amepata nini?* Waandike jina la mtoto na mstari mmoja. Utakusanya majibu kama "ajiamini", "apate marafiki", "apunguze simu", "ajifunze kushindwa". Kombe likitajwa, litatajwa na wachache. Usitoe maoni. Vihifadhi. Katikati ya msimu mzazi aliyeandika "ajiamini" atakuja amekasirika kwa sababu timu imefungwa, na kile kipande cha karatasi kitakusaidia kuliko hoja yoyote utakayobuni papo hapo.

Kisha sema mambo yako kwa maneno yanayopimika. Hapa ndipo panapoharibika. "Kila mtoto atapata nafasi" ni sentensi inayomaanisha dakika tano kwa kocha na dakika 40 kwa mzazi. Wote wawili wataondoka wameridhika, na wiki tatu baadaye kila mmoja atamwona mwenzake mwongo.

Weka hesabu mezani. Tuseme una watoto 12, mnacheza saba kila upande, mechi ya dakika 48. Igawe katika robo nne za dakika 12. Nafasi saba mara robo nne ni nafasi 28. Watoto wanane wacheze robo mbili, wanne wacheze robo tatu: 16 na 12, jumla 28. Kila mtoto amepata angalau nusu ya mechi, na wale wanne wa robo tatu wanabadilika kila wiki. Mechi tatu zikipita, watoto wote 12 wameonja robo tatu. Ichore ubaoni mbele ya wazazi. Mzazi anayeiona hesabu hiyo anaelewa pia jambo ambalo kocha huwa hasemi: dakika zaidi kwa mwanawe ni dakika pungufu kwa mtoto wa jirani aliyeketi pembeni yake.

Kama timu yako ni ya vijana wa miaka 16 wanaowania ubingwa, na dakika zinagombaniwa, sema hivyo waziwazi, na useme zinagombaniwa kwa vigezo gani: mahudhurio, bidii ya mazoezini, hali ya mwili, mpango wa mechi. Uamuzi mgumu uliotangazwa mapema mzazi huumeza. Asichokimeza ni kanuni iliyozaliwa siku ileile mwanawe alipoachwa.

Yapo mambo mawili ambayo lazima yasemwe siku hiyo bila kuzungushwa. La kwanza ni kichwa. Mtoto akigongwa kichwa na kukawa na shaka yoyote kwamba ubongo umetikisika, anatoka, na siku hiyo harudi. Hata akisema yuko sawa. Hata ikiwa fainali. Hata baba yake akisema "mrudishe tu, huyu ni mgumu." Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali, si ya nyumbani. Mkishakubaliana wakati kila mtu ametulia, siku ya tukio kocha hatalazimika kushindana na mzazi huku mtoto akisikiliza.

La pili ni nani wa kumwendea mzazi akiwa na shaka juu ya kocha mwenyewe. Pawepo mtu mwingine, jina lake lijulikane, namba yake iwepo. Kocha asiyependa kipengele hiki anahitaji kukifikiria zaidi.

## Daftari

Kocha wa haki hudhani anakumbuka. Hakumbuki. Mechi ikikaza, mkono wake huwarudisha uwanjani watoto walewale watano, na wanaosahaulika benchi ni wale wapole, kwa sababu hawaombi. Mwisho wa mwezi ataapa kwamba amegawa sawa, na ataapa kwa moyo safi.

Dawa ni daftari la bei rahisi. Majina yashuke upande wa kushoto, tarehe za mechi zipite juu, na kila kisanduku kiwe na tarakimu mbili tu: robo alizocheza, na nafasi aliyocheza. Ajaze msaidizi wakati mechi inaendelea, maana ukingoja kufika nyumbani utajaza unavyotamani ilivyokuwa. Kila baada ya mechi tatu jumlisha mistari. Hapo utagundua kuna mtoto ambaye hajawahi kuanza mechi hata moja, au aliyewekwa golini kila mara kwa kuwa wenzake walikataa.

Mara nyingi utagundua mzazi aliyelalamika alikuwa na haki.

Hilo linauma, na ndiyo faida kubwa ya daftari. Watu hudhani limewekwa ili kumnyamazisha mzazi. Linamwonyesha kocha kwanza, faraghani, kabla mtu yeyote hajamwonyesha hadharani.

## Saa 24, na kinachofuata

Kanuni ya kusubiri saa 24 baada ya mechi kabla ya kuzungumza na kocha imeenea sana, na ni nzuri. Mzazi amepoa, kocha amepoa, mtoto hayupo amesimama katikati akiwa na njumu mkononi. Lakini imegeuzwa kuwa ukuta. Makocha wengi huitangaza, kisha hawasemi nini kinafuata baada ya saa hizo 24. Mzazi anasubiri siku, anatuma ujumbe, hajibiwi, na mechi inayofuata anakuja na hasira mbili.

Kwa hiyo kanuni iwe na upande wa pili: mzazi asubiri saa 24, na kocha ajibu ndani ya saa 48 kwa kupanga muda wa kuonana. Ana kwa ana, au kwa simu ya sauti. Malalamiko yaliyoandikwa husomwa kwa sauti ya hasira kuliko ya aliyeyaandika.

Na iwe na mlango wa dharura. Jeraha, matusi, mtu mzima kumshika mtoto isivyofaa, ujumbe wa faragha kutoka kwa kocha kwenda kwa mtoto, hayo hayasubiri hata saa moja.

Mazungumzo yenyewe yana njia yake. Kaeni pande mbili za kona ya meza, msikae mmekabiliana. Dakika 10 za kwanza ni za mzazi.

"Kocha, mwanangu anakaa benchi kuliko wenzake wote."

"Nimekusikia, mama. Hebu nieleze ulivyoona."

Basi, nyamaza. Andika. Kishawishi cha kujitetea huja kwenye dakika ya pili, hasa mzazi akitaja jambo lisilo kweli. Liache lipite. Akimaliza, mrudishie aliyoyasema kwa maneno yako: "Kwa hiyo unaona anakaa benchi sana, na nyumbani ameanza kusema hataki mazoezi. Nimeelewa sawasawa?" Mara nyingi sehemu ya pili ndiyo iliyomleta. Benchi ilikuwa njia tu ya kuingilia.

Ndipo uulize: mtoto mwenyewe anasemaje? Swali hili ni la upole lakini lina uzito. Wapo wazazi watakaojibu papo hapo, na wapo watakaonyamaza, kwa sababu hawajamuuliza. Usimchome kwa kunyamaza kwake. Kubalianeni amuulize.

Sasa fungua daftari. Zungumza juu ya mtoto huyo mmoja tu. Mzazi atajaribu kuleta mwingine: "Mbona yule wa fulani anacheza kila siku?" Jibu ni lilelile kila mara: "Baba, siwezi kuzungumzia mtoto wa mwenzako, na wako pia sitamzungumzia kwa mwingine." Anayesikia nusu ya pili ya sentensi hiyo hutulia, maana inamlinda na yeye.

Malizeni na jambo moja. Si matano. Tuseme, mtoto aongeze kupokea mpira huku ameshaangalia nyuma yake, na kocha amwanzishe mechi mbili kati ya tatu zijazo. Wekeni tarehe ya kuzungumza tena baada ya mechi hizo. Jioni mwandikie mzazi mistari miwili ya mlichokubaliana. Nimejiuliza kama hatua hii ya mwisho ni urasimu usio na maana, na nimeishia kuona hapana: watu wawili hutoka kwenye chumba kimoja na makubaliano mawili tofauti, bila hata mmoja wao kudanganya.

Na kama malalamiko ni kuhusu maneno yako? Ulimwita mtoto mvivu mbele ya wenzake, kweli ulimwita. Hapo hakuna daftari la kufungua. Mwombe mtoto radhi, mbele ya wale waliosikia. Ukimwomba mzazi peke yake, mtoto hatajua kamwe.

## Pembeni mwa uwanja

Winga wetu alikuwa na chini ya sekunde mbili kuona beki yuko wapi, mwenzake yuko wapi, na kuchagua. Amri tatu zilizogongana zilizila zote. Hata amri moja iliyo sahihi ina gharama yake: mtoto anayeongozwa kwa sauti kila anapogusa mpira hajifunzi kuinua kichwa, anajifunza kusikiliza.

Chama cha soka cha Uingereza kilianzisha mwaka 2008 mpango wa heshima uwanjani ambao, pamoja na mengine, uliwaweka watazamaji wa mechi za watoto nyuma ya kamba au mstari wa upande mmoja wa uwanja. Jambo hilo laweza kufanywa popote kwa koni: mstari hatua mbili kutoka ule wa pembeni, upande ulio mkabala na benchi. Umbali huo mdogo unasaidia kuliko unavyoonekana. Mtu aliyesimama juu ya mstari anahisi yumo mchezoni.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakaweka siku za ukimya ambapo mzazi haruhusiwi kutamka neno. Kwa muda nilidhani hilo ndilo jibu. Siku moja ya namna hiyo kwa msimu ina manufaa, maana watoto huanza kuitana wao kwa wao, na kila mzazi husikia kwa mara ya kwanza jinsi uwanja unavyosikika bila yeye. Kuufanya ukimya kuwa sheria ya kila wiki, hapana. Mcheza kwao hutunzwa. Mtoto anayeinua macho pembeni hakukosea kuwatafuta watu wake. Anataka kuonwa.

Basi wape wazazi cha kusema. Kanuni niliyoona inaeleweka na kila mtu ni hii: sauti ije baada ya tendo, isije kabla. "Kimbia!" ni kabla. "Umekimbia vizuri!" ni baada. "Piga!" ni kabla. "Umethubutu, safi!" ni baada, na yasemwe hata mpira ukipaa juu ya lango. Dakika mbili za kuigiza sauti hizi kwenye kikao cha kwanza zinafundisha kuliko ukurasa mzima wa sheria.

Mzazi mwenye sauti kubwa kuliko wote mpe kazi. Mpe karatasi na kalamu ahesabu mara ngapi timu imeurudisha mpira ndani ya sekunde tano baada ya kuupoteza. Kazi hiyo inamtaka atazame timu nzima, inampa habari aliyoikosa, na mdomo unaohesabu haupigi kelele. Baada ya mechi muulize namba yake mbele ya watoto. Wiki ijayo atakuja na kalamu yake mwenyewe.

Akimtukana mwamuzi, ambaye kwenye mechi za watoto mara nyingi ni kijana tu, usimpungie mkono kutoka ng'ambo. Ukimkemea mbele ya watu atajibu mbele ya watu. Mwachie msaidizi benchi, zunguka uwanja, simama begani kwake, wote mkiutazama mchezo, useme kwa sauti ya chini: "Baba, mwanao anakusikia. Nisaidie." Akirudia, mwombe mwamuzi asimamishe mchezo mpaka aondoke. Hilo mlikubaliana kwenye kikao. Mlikubaliana, sivyo?

Na jambo ambalo makocha hatupendi kuambiwa: wazazi hupima kiwango cha kelele kwa kocha. Kocha anayepiga kelele dakika zote 48 hana uso wa kuomba utulivu.

## Habari ambazo mzazi pekee anazo

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nikiliona suala zima kama kocha anayetoa habari na mzazi anayepokea. Nusu ya habari iko upande wa pili.

Chukua viatu. Msichana hufikia kilele cha kurefuka akiwa na miaka 12 hivi, mvulana 14 hivi, lakini watoto hupishana kwa miaka. Katika miezi hiyo kisigino huuma, chini ya goti huuma, mtoto aliyekuwa na wepesi huanza kujikwaa kama ana miguu ya kuazima. Kocha ataona uvivu. Mzazi ameshanunua viatu mara mbili ndani ya miezi sita. Waombe wazazi wakuambie viatu vinapokataa ghafla, au wampime mtoto ukutani kila baada ya miezi mitatu. Ukipata habari hiyo, unapunguza mikimbio mikali na kuruka, na unamwambia mtoto kwamba mwili wake unajengwa upya na mguso wake wa mpira utarudi. Huyo ni mtoto aliyekuwa mbioni kuacha.

Habari hiyo hujibu pia swali lile gumu: kwa nini yule anapangwa na wangu hapangwi. Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba kwenye hoki ya barafu nchini Kanada waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili walikuwa wengi kupita kiasi ngazi za juu, na jambo hilohilo limeonekana katika michezo mingi tangu hapo. Watoto wawili wa kundi moja la umri waweza kupishana karibu miezi 12. Kwa wenye miaka tisa, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yao. Mwonyeshe mzazi tarehe za kuzaliwa za kikosi bila majina. Norwei, kwa upande wake, huchelewesha ushindani kwenye kanuni zake za michezo ya watoto: majedwali ya matokeo hayatumiki kabla ya mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa haumhusu kabla ya mwaka anaotimiza 13.

Mengine mzazi anayajua na wewe huyajui: kwamba wiki hii babu amefariki, kwamba kuna mtihani, kwamba mtoto amehama chumba, kwamba ana pumu na dawa imeisha. Ujumbe wa "kuna lolote la kunijuza?" siku moja kabla ya mechi hauchukui dakika.

Kundi la ujumbe la wazazi, kwa njia, libaki la saa, mahali na rangi ya jezi. Lawama ikitumwa humo, jibu ni moja: "Nimeiona, nakupigia kesho." Usimwandikie mtoto peke yake, hata kumpongeza. Mzazi awemo.

## Njia ya kurudi nyumbani

Mechi imeisha, mtoto ana njaa, miguu inamuuma, na yumo ndani ya gari pamoja na mtu anayempenda ambaye ana maoni. Watoto wengi huchukia safari hii kuliko kufungwa kwenyewe. Wazazi hawajui, kwa sababu mtoto hujibu "sawa" na kutazama dirishani, na "sawa" huchukuliwa kuwa anasikiliza.

Waambie wazazi wasianzishe wao. Chakula, maji, kimya. Mtoto akianza, wamfuate alikokwenda. Sentensi ya kwanza ikiwa ni "nimefurahi kukutazama ukicheza", na isifuatwe na "lakini", imetosha. Uchambuzi ni kazi ya kocha, siku ya mazoezi, na kocha aahidi kuifanya kweli.

Mtafiti Amanda Visek na wenzake waliwauliza watoto wanaocheza soka, pamoja na wazazi na makocha, kinachoufanya mchezo ufurahishe. Yalipatikana mambo 81. Yaliyopanda juu ni uungwana mchezoni, kujituma, na kocha anayetia moyo. Kushinda hakukuwa karibu na kilele. Na wapo wanasaikolojia Frank Smoll na Ronald Smith wa Chuo Kikuu cha Washington, waliowafundisha makocha wa besiboli ya watoto kusifu juhudi, kumtia moyo aliyekosea kisha kumwonyesha namna, na kuacha ukali. Katika utafiti waliouchapisha na Nancy Barnett mwaka 1992, watoto wa makocha waliofundishwa ambao hawakurudi msimu uliofuata walikuwa asilimia 5. Kwa makocha wasiofundishwa walikuwa asilimia 26. Sioni sababu lugha hiyohiyo isiandikwe upande mmoja wa karatasi na kupewa mzazi.

## Isipofaulu

Atabaki mmoja. Umefanya kikao, umefungua daftari, umezunguka uwanja mara mbili, na bado. Klabu ina haki ya kumwambia mtu mzima asije uwanjani kwa mechi kadhaa. Haina haki ya kumweka mtoto benchi kwa ajili yake, na hili hutendeka zaidi ya tunavyokiri, kimyakimya, kwa kisingizio cha "mpango wa mechi". Tazama daftari. Dakika za mtoto huyo zisishuke wiki baba yake alipopiga kelele.

Kabla ya kufika huko kuna jambo moja ambalo timu chache zimejaribu kulifanya, na linahitaji robo saa. Mwisho wa mazoezi, wape watoto kila mmoja karatasi isiyo na jina. Swali: *Ukiwa na mpira, ungependa kusikia nini kutoka pembeni?* Usiwaongoze. Wengine wataandika "chochote". Wengine "jina langu tu". Wengine "kimya tafadhali". Zikunje, zichanganye, ziweke kwenye kofia.

Kwenye kikao cha pili, karibu na nusu ya msimu, mwombe kila mzazi achomoe moja aisome kwa sauti. Kocha naye achomoe, maana swali lilisema pembeni, na benchi lipo pembeni. Mzazi hajui kama aliyoichomoa ni ya mwanawe. Zikiisha, zibandike ukutani, kisha nendeni uwanjani, wazazi wakae nyuma ya koni, na mpira uwekwe kati.